Kijana mwenye daftari: somo juu ya staji ya sheria na haki ya familia za Mitwaba



Kuna swali tunaloulizwa mara nyingi katika vikundi vyetu vya masomo. Kijana anafika, amevaa vizuri, ana daftari na kalamu, anauliza nani alichoma nyumba, siku gani, nani alikufa. Anaandika, anashukuru, anakwenda. Familia inabaki ikijiuliza: ametumwa na nani? Maneno yetu yanaenda wapi? Na sisi tutapata nini?

Ni swali la haki. Vijana wengi wa aina hiyo ni wanafunzi wa sheria au avoka walio katika staji, yaani wanajifunza kazi kwa kuifanya chini ya mtu mwenye ujuzi. Katika somo hili tutaangalia kazi yao ni nini hasa, inaweza kuwasaidiaje watu wa Mitwaba, na mahali gani inaweza kuwaumiza. Tutasema pia neno kwa wazazi wenye mtoto anayesoma sheria, kwa sababu tunaamini kwamba dosiye za Mitwaba zingeandikwa vizuri zaidi kama mmoja wa waandishi angekuwa mtoto wa Mitwaba.

Yaliyotokea, kwa kifupi

Wazee hawahitaji kukumbushwa, lakini vijana wengi walizaliwa baadaye. Eneo lililo kati ya Manono, Mitwaba na Pweto liliitwa pembetatu ya mauti. Vikundi vya Mai-Mai vilivyopewa silaha wakati wa vita ili kupigana na adui kutoka nje viligeuka dhidi ya wanavijiji. Askari wa serikali walipokwenda kuwafukuza, nao walifanya mabaya yao, na hilo lisisahauliwe. Mwanzoni mwa mwaka 2006 watu waliohama katika Katanga ya kati walihesabiwa kuwa zaidi ya 150,000. Wengi walikuwa Mitwaba kwenyewe, Dubie na Sampwe.

Mwezi wa Mei 2006 mkuu wa kundi moja, Gédéon Kyungu Mutanga, alijisalimisha kwa askari wa Umoja wa Mataifa huko Mitwaba. Kesi yake na ya wenzake ilianza mwaka 2007 mbele ya mahakama ya kijeshi ya Haut-Katanga. Tarehe 5 Machi 2009 mahakama hiyo, iliyokuwa ikikaa Kipushi, ilimhukumu kifo kwa makosa mbalimbali, na kubwa kati yao lilikuwa uhalifu dhidi ya binadamu. Iliamuru pia wahanga walipwe fidia.

Halafu mnajua. Tarehe 7 Septemba 2011 watu wenye silaha walishambulia gereza la Kasapa, Lubumbashi, na wafungwa zaidi ya 900 wakatoroka, yeye akiwa miongoni mwao. Moto ukarudi Mitwaba. Mwaka 2013 waliohama katika Katanga nzima walipita 300,000. Oktoba 2016 alijisalimisha tena, akapokewa Lubumbashi kwa sherehe, jambo lililowaudhi wahanga wengi. Machi 2020 akatoweka kutoka nyumba aliyokuwa akilindwa.

Basi mtu anaweza kusema: kama hukumu yenyewe iliishia hivyo, kalamu ya kijana ina faida gani? Hatutaki kulikwepa swali hilo. Hukumu ya 2009 haikumzuia mtu kutoroka. Lakini ni karatasi ya serikali inayosema, kwa jina la sheria, kwamba yaliyowapata watu wa Mitwaba yalikuwa uhalifu mkubwa, si ugomvi wa vijiji wala bahati mbaya ya vita. Karatasi hiyo haikutoroka na mtu yeyote. Na iliwezekana kwa sababu kulikuwa na wahanga waliosema na watu walioandika.

Nyumba moja na vijiji vingi

Hapa tuingie kidogo katika sheria yenyewe. Mtu akichoma nyumba ya jirani yake kwa sababu ya ugomvi wa shamba, ni kosa la jinai la kawaida. Parke inaweza kulishughulikia. Lakini kundi likichoma kijiji hiki Jumatatu, kile Alhamisi, na kingine mwezi unaofuata, likiua na kubaka raia, kwa mpango au kwa wingi, hapo tunazungumza juu ya uhalifu dhidi ya binadamu. Kinachobadilisha kosa ni kwamba limekuwa sehemu ya shambulio pana au lenye mpango dhidi ya raia, na mtendaji alijua hivyo.

Maana hiyo imo katika Mkataba wa Roma wa tarehe 17 Julai 1998, uliounda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ile tunayoiita CPI, yenye makao La Haye, Uholanzi. Nchi yetu iliuridhia mwezi wa Aprili 2002, na ukaanza kufanya kazi tarehe 1 Julai 2002. Mahakama ile haishughulikii mambo yaliyotendeka kabla ya siku hiyo. Wengine wanadhani mkataba huo ni wa wazungu wa mbali. Sivyo. Katiba ya Februari 2006 inaziruhusu mahakama zetu kutumia mikataba ambayo nchi imeiridhia, na mwezi wa Aprili mwaka huohuo mahakama ya kijeshi ya Mbandaka iliutumia katika kesi ya Songo Mboyo, ambako askari walibaka wanawake. Sheria ya mwaka 2013 imezipa mahakama za rufaa za kiraia nazo uwezo wa kuhukumu makosa haya.

Sasa fikirini: shahidi mmoja anajua kijiji chake tu. Mama aliyekimbia na watoto watatu usiku hawezi kuthibitisha shambulio pana. Hilo linaonekana pale mtu mmoja anapokaa mezani na maelezo ya watu mia, akiyapanga kwa tarehe, kwa kijiji, kwa jina la kundi, kwa jinsi lilivyofanya. Ni kazi ya uvumilivu, na haina sifa. Katika ofisi nyingi anayepewa kazi hiyo ni kijana wa staji.

Anachofanya mezani na anachofanya kijijini

Tuchukue mfano wa kubuni ili tuelewe. Mzee anasema kijiji chake kilichomwa "wakati wa uyoga". Kijana aliyekulia mbali anaandika: tarehe haijulikani. Kijana wa Mitwaba anajua kwamba uyoga hutoka na mvua za mwanzo. Anauliza tena: ilikuwa kabla au baada ya kupiga kura ya katiba? Kura hiyo ilikuwa Desemba 2005. Mzee anasema, kabla kidogo, kwa sababu walikuwa tayari wamekimbia watu walipoitwa kupiga kura. Sasa tuna tarehe inayokaribia: mvua za mwisho wa 2005. Katika mahakama, tofauti hiyo inaweza kuamua kama mshitakiwa alikuwa akiongoza kundi wakati huo au la.

Ndivyo ilivyo na majina ya vijiji. Kijiji kinahama, kinabaki na jina la shefu wa zamani, au viwili vinaitwa jina moja. Ndivyo ilivyo pia na lugha. Mama anayesema juu ya kubakwa hatumii neno lenyewe. Anazunguka, anasema "walinifanyia mabaya" au ananyamaza tu. Mtu asiyejua Kiluba, au Kiswahili cha kwetu, ataandika kwamba aliibiwa vitu.

Lakini ujuzi wa mahali peke yake hautoshi, na kwa hiyo lazima kijana awe chini ya avoka mkubwa. Kuna makosa ambayo ukiyafanya unaharibu kesi. Kosa la kwanza ni kumpa shahidi jibu. Huulizi, "Ni Gédéon aliyechoma?" Unauliza, "Nani walikuja? Uliwajuaje?" Shahidi aliyewekewa jina mdomoni atavunjwa na avoka wa upande wa pili kwa dakika tano. Kosa lingine ni kumhoji mtu mmoja mara nyingi. Kila anaposimulia, maneno yanabadilika kidogo, na tofauti hizo zitasomwa kama uongo. Zaidi ya hayo, anaumia upya. Kama familia yenu imekwisha kuhojiwa na mashirika manne, mna haki ya kumwambia wa tano: nenda kwanza ukaulize wale wanne.

Na kubwa kuliko yote ni siri. Daftari lenye majina ya mashahidi, likisahauliwa katika lori kati ya Mitwaba na Likasi, ni hatari kuliko bunduki. Kijana aliyefundishwa vizuri huandika namba badala ya jina, na orodha ya majina anaiweka mahali pengine. Muulizeni: "Jina langu umeliandika wapi?" Akishindwa kujibu, msiendelee.

Watu 341 wa Ituri

Mara kwa mara watu wanatuambia walisikia redioni juu ya "kesi ya Katanga" huko La Haye, wakadhani ni kesi yetu. Samahani, hapana. Germain Katanga ni jina la mtu, kiongozi wa wapiganaji wa Ituri. Alihukumiwa mwaka 2014 kifungo cha miaka 12 kwa sababu ya shambulio la kijiji cha Bogoro la tarehe 24 Februari 2003. Kesi za CPI kuhusu Kongo zilikuwa za Ituri na Kivu. Jimbo letu halikupata kesi hata moja kule. Hilo linauma, na tunaliona kuwa pengo kubwa.

Hata hivyo kesi ya Bogoro ina fundisho kwa familia za Mitwaba. Mwezi wa Machi 2017 majaji walitoa uamuzi juu ya fidia. Watu 341 walikuwa wameomba. Majaji walizisoma fomu zao moja moja, wakawakubali 297. Kila mmoja wao alipewa dola 250 za kuonyesha heshima, pamoja na misaada ya pamoja: ya makazi, ya elimu, ya kuanzisha kazi ya kujipatia riziki, ya kutibu majeraha ya moyo. Waliobaki, 44, hawakuweza kuthibitisha vya kutosha.

Tunawaomba viongozi watulie hapo. Mtu anaweza kuwa amepoteza kila kitu, na bado akakosa, kwa sababu karatasi haikusema vizuri: alikuwa akiishi pale siku ile? Aliyekufa alikuwa nani kwake? Nyumba ilikuwa yake? Katika kesi ile, hati za viongozi wa mahali kuhusu makazi na vifo zilikuwa na uzito. Shefu anayeandika leo, kwa mwandiko unaosomeka, na tarehe na muhuri, kwamba fulani alikuwa mkazi wa kijiji changu hadi mwaka fulani, anafanya kazi ya sheria bila kuingia darasani. Asiuze hati hiyo. Na asimwandikie mtu ambaye hakuwa pale, hata akiwa ni shemeji yake, maana hati moja ya uongo inazitia shaka zote zenye muhuri uleule.

Kuna mfano ulio karibu zaidi, wa Kilwa, katika teritware jirani ya Pweto. Oktoba 2004 jeshi liliua raia zaidi ya 70. Mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi iliwaachilia washitakiwa kwa kosa hilo mwezi wa Juni 2007. Mashirika ya Lubumbashi na ya nje hayakuchoka. Yalipeleka malalamiko kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na mwaka 2017 ikatangazwa kwamba serikali inapaswa kuwalipa wahanga wanane na familia zao dola milioni 2.5. Miaka ikapita na watetezi wakiendelea kudai malipo hayo. Uamuzi na malipo ni vitu viwili, na kijana yeyote anayewaahidi fedha kwa sababu mmempa maelezo, anadanganya au hajui kazi yake.

Nchini kwetu, sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 imetambua haki ya fidia kwa wahanga wa ubakaji wa wakati wa vita na wa makosa makubwa dhidi ya binadamu, na mfuko wa taifa uitwao FONAREV umeundwa. Kwa hiyo kazi ya kuandika vizuri nani aliumia, wapi na lini, haijachelewa. Wenye nakala ya hukumu ya 2009, au waliokuwa wahanga waliotambuliwa katika kesi ile, waitunze karatasi hiyo kama kitambulisho.

Kwa wazazi wenye mtoto wa sheria

Kutoka Mitwaba hadi Lubumbashi ni zaidi ya kilomita 400, na wakati wa mvua barabara inaweza kumkalisha mtu njiani siku nyingi. Mtoto aliyefika katika kitivo cha sheria cha UNILU amekwisha kupita mengi. Baada ya shahada, akitaka kuwa avoka, anaingia katika baro na kufanya staji ya miaka miwili chini ya avoka mwenye uzoefu. Sheria ya mwaka 1979 inayopanga kazi ya avoka ndiyo inayotaka hivyo. Sheria hiyohiyo inaitaka kila baro iwe na ofisi ya mashauri ya bure kwa wasio na uwezo. Mahali hapo familia inaweza kupata msaada na kijana anaweza kujifunza, na tunashangaa ni wachache kiasi gani wanaobisha hodi.

Mashirika ya haki za binadamu ya Lubumbashi, kama yale yaliyofuatilia kesi za Kilwa na Gédéon, ni shule nyingine. Kwa maoni yetu kijana aanzie huko. Miezi sita ya kupanga dosiye za Lubumbashi na kwenda kuwasikiliza watu wa Mitwaba itamfundisha mengi ambayo hayamo katika vitabu.

Akitaka kwenda mbali, milango ipo. CPI hupokea wanafunzi wa staji walio mwishoni mwa masomo au waliomaliza, kwa miezi mitatu hadi sita, nao lazima wajue vizuri Kifaransa au Kiingereza. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha, Tanzania, ambako Kiswahili cha kijana wetu si kitu cha kuonea haya. Tume ya Afrika iko Banjul, Gambia. Lakini tuseme ukweli juu ya fedha. Staji nyingi za Umoja wa Mataifa hazina mshahara, na kwa miaka mingi nyingi za CPI zilikuwa hivyohivyo. Tiketi, chumba na chakula cha La Haye ni mzigo usiobebwa na familia iliyopoteza mbuzi wake wote. Matokeo yake ni kwamba kesi za watu wa kijijini zimesomwa mara nyingi na watoto wa matajiri wa miji. Hatusemi hawakuwa na moyo. Tunasema si haki. Kijana aulize kwanza kama kuna nafasi zenye posho kwa watu wa nchi maskini, kabla ya baba kuuza shamba.

Na hapa tahadhari: CPI haitozi fedha yoyote kwa mtu anayeomba kazi au staji. Hakuna ada ya fomu wala ya "kufungua dosiye". Anayewaletea barua yenye picha ya mizani na kuomba dola 100 ni mwizi, hata akiwa mtoto wa ukoo.

Watoto waliobeba silaha

Jambo moja bado, nalo ni gumu. Miongoni mwa waliotoka porini na Mai-Mai walikuwamo watoto. Kuwaingiza katika vita watoto wa chini ya miaka 15 ni uhalifu wa kivita. Thomas Lubanga wa Ituri alitiwa hatiani mwaka 2012 kwa kosa hilo, akapewa miaka 14. CPI haimhukumu mtu aliyekuwa chini ya miaka 18 alipotenda kosa. Kwa sheria, mtoto aliyetumiwa na kundi ni mhanga.

Kwa mama ambaye mumewe aliuawa mbele ya macho yake na kijana wa miaka 13, maneno hayo ni machungu, wala hatumlazimishi ayameze leo. Lakini mwanafunzi wa staji atawahoji wote wawili, pengine katika wiki moja, na kijiji kitapaswa kuishi nao wote. Shefu afanye mpango ili wasikutane mlangoni. Kijana asimwambie mmoja alichosema mwenzake. Yule aliyekuwa mtoto wakati ule asihojiwe hadharani mbele ya wazee kama mtu aliye kizimbani.

Maswali ya kuzungumzia kikundini

1. Katika kijiji chetu, ni nani wamekwisha kuhojiwa, na na shirika gani? Tunaweza kuwa na orodha bila kuandika waliyoyasema?

2. Ni matukio gani tunayoweza kuyatumia kama kalenda ili kukumbuka tarehe: kura, mavuno, kifo cha shefu, kufika kwa askari wa Umoja wa Mataifa?

3. Nani kati yetu ana hati za makazi, za ndoa, za vifo? Ziliungua kwa nani, na shefu gani anaweza kuandika nyingine kwa ukweli?

4. Kuna kijana wa Mitwaba anayesoma sheria Lubumbashi? Jamii inaweza kumsaidia kwa nini: chumba, unga, au barua ya kumtambulisha kwa avoka?